Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: tuulizeni na chambo kimetoka wapi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka ziwani. Mimi ni mvuvi wa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, upande wetu wa Ziwa Victoria. Nina mtumbwi mmoja wa injini, vijana watatu na ndoano zipatazo mia nane, na riziki yangu ni sangara. Lakini sikuandikii habari za sangara. Huyo ana wa kumsemea: viwanda vya minofu vinamtaka, wanunuzi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwake, wanamtaka zaidi, na akifika mwaloni, tunakoshushia samaki, anakuta rula inamsubiri kuona kama amefika sentimita 50. Nakuandikia habari za samaki wa urefu wa kidole, ambaye asipokuwepo sangara hapandi mtumbwini. Chambo.

Mgonzo hautegwi mtupu. Kila ndoano inataka samaki wake, na awe hai. Tunamtoboa mgongoni, chini kidogo ya pezi, tukiukwepa uti, ili aendelee kuogelea akiwa ndoanoni. Ukimtoboa tumboni anakufa kabla hajafika chini, halafu ananing'inia tu kama nguo kwenye kamba, na sangara anampita. Ndoano mia nane ni samaki mia nane, kwa mtumbwi mmoja, kwa usiku mmoja. Na asubuhi unaanza upya, kwa sababu chambo kilichokesha majini hakirudi na nguvu, kama kinarudi.

Kwa hiyo mchana, kabla hatujatoka, mwalo unageuka soko la ndoo. Wauzaji wanapanga ndoo na madumu yaliyokatwa juu, wanabadilisha maji kila baada ya muda, wanaopoa waliokufa na kuwatupia kunguru. Kwenye ndoo nyingi utakuta furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Kwenye chache utakuta kambare wadogo, na hao ndio kila mvuvi anaowakimbilia, maana kambare anavuta hewa hata ya juu ya maji. Ndoo ikijaa kupita kiasi, furu wanageuka matumbo juu, kambare bado wanasukumana.

Siku moja nilikuwa nahesabu furu wangu, nikamwona jike mashavu yamevimba na kidevu kimeshuka. Muuzaji alipomhamishia kwenye ndoo yangu, akatema. Maji yakajaa vitu kama punje za uwele, kila punje ina macho. Kijana wangu akacheka, akasema leo tumepewa na nyongeza. Mimi sikucheka, ila pia sikumrudisha ziwani. Jioni hiyo alikuwa ndoanoni kama wenzake.

Mheshimiwa, wataalamu wako wanalijua hili kuliko mimi. Furu wa ziwa hili anaatamia mdomoni. Jike anakaa na mayai na watoto wake humo kwa wiki kadhaa, na ni wachache, makumi, wala si maelfu. Sangara anamwaga mayai kwa mamilioni, dagaa naye anazaa haraka, hivyo hata ukimvua sana ana namna ya kujirudisha. Furu hana namna hiyo. Ukimbana jike kwenye wavu anatema, na kizazi kimekwisha hapo hapo. Katika miaka ya 1970, kabla sangara hajalitawala ziwa, Mwanza kulikuwa na kiwanda cha kusaga furu wawe chakula cha mifugo. Hata wakati ule, maeneo yaliyopitiwa sana na meli za kukokota nyavu yalianza kuonyesha kuchoka. Kisha sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, akalipuka miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi mno wakapotea. Baadhi wamerudi baada ya sangara wakubwa kupungua. Hao waliorudi ndio tunaowatoboa migongo.

Sasa niseme wanavyovuliwa, ingawa najua kuna wenzangu watanikasirikia. Furu wa chambo anavuliwa kwa kokoro dogo, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, au kwa chandarua, usiku au alfajiri, kwenye maji ya magoti pembeni ya mafunjo na matete. Pale ndipo sato anapotunza watoto wake. Wavu ule hauchagui. Nimewahi kusimama ufukweni wavu unapovutwa: furu wanaingia kwenye ndoo, na sato wa ukubwa wa kucha wanabaki mchangani, hawafai kwa chambo wala kwa mboga. Tunalalamika sato amepungua huku tunamfagia akiwa kitandani.

Kokoro ni marufuku, na silitetei. Tatizo langu ni kwamba marufuku inaishia kwenye wavu. Doria inakuja, inachoma makokoro, moshi unapanda, watu wanapigwa faini. Jioni ile ile migonzo inatoka na chambo, maelfu kwa maelfu ya furu, na hakuna anayeuliza walitoka wapi kama makokoro yote yamechomwa. Mara moja ofisa mmoja aliimwaga ndoo yangu mchangani. Nilipomuuliza nikanunue wapi chambo halali, alinitazama, akaniambia nikatafute. Sikumlaumu sana. Naye hakuwa na pa kunielekeza.

Najua jibu jepesi ni kupiga marufuku furu kuwa chambo. Tafadhali usifanye hivyo kwa tangazo la asubuhi moja. Bei itapanda, biashara itahamia usiku zaidi, na mvuvi asiyemudu chambo ataacha migonzo arudi kwenye timba (nyavu za uzi wa plastiki) na nyavu za macho madogo, ambazo zinachukua hata sangara asiyefika kiganja. Mgonzo, pamoja na dhambi zake, unachagua kidogo: ndoano kubwa haimezwi na kitoto.

Njia ipo, na ni yule kambare wa ndoo chache. Kambare anazalishwa kwenye bwawa. Jike anachomwa sindano ya homoni, anakamuliwa mayai, dume anapasuliwa kutolewa mbegu, na mayai ya jike mmoja yanafika maelfu mengi. Baada ya wiki chache vifaranga vinatosha kutobolewa. Tena kambare ni mwenyeji wa ziwa hili, akichomoka ndoanoni hatuleti mgeni mwingine. Wageni tunao wa kutosha.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Nilijaribu na ndugu yangu kwenye kijibwawa cha nyuma ya nyumba. Vifaranga vya kambare vinalana. Usipovitenganisha kwa ukubwa kila baada ya siku chache, unabaki na wachache wanene wenye midomo mipana. Sisi tulibaki nao hivyo. Chakula kilikuwa ghali, mayai ya awamu ya pili yaliota ukungu yote, na mwisho wa hesabu furu wa kokoro alikuwa nafuu kuliko kambare wetu. Hapo ndipo serikali inapohitajika. Bwawa la mtu mmoja mwenye kubahatisha haliwezi kushindana na wavu wa bure ziwani. Kituo cha kuzalisha vifaranga karibu na mialo mikubwa, chenye mtaalamu wa kukaa na si wa kupita, kinaweza. Vijana na akina mama wanaouza ndoo leo ndio wangekuwa wa kwanza kununua huko, maana hakuna anayependa kukesha kwenye maji ya magoti akikimbizana na doria.

Na muuza chambo atambuliwe. Leo si mvuvi, si mfugaji, si mchuuzi wa samaki. Ni mtu wa ndoo. Akipewa kibali kinachosema anauza nini na amekitoa wapi, BMU ya mwalo, kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, itakuwa na cha kukagua. Kibali hicho kikataze pia kubeba furu hai kwenda kwenye malambo na maziwa madogo ya bara. Watu wanapeleka, jioni wanamwaga waliobaki, na hakuna anayejua wamemwaga nini. Ziwa Kanyaboli, upande wa Kenya, bado lina ngege, jamii ya sato wa asili wa huku kwetu, kwa sababu sangara hakuingia humo. Sehemu kama hizo hazihitaji ndoo zetu.

Leseni yangu inataja chombo changu na zana zangu. Chambo hakimo. Mwakani nikienda kuhuisha, nitaomba wanioneshe kama mstari huo umeongezwa, na bwawa la kwenda kununua liko wapi.

Wako mtiifu,
Mvuvi wa migonzo, Ziwa Victoria