Kabla ya kurudisha hewa ukaa ardhini

Bergen, Norway, 9 Novemba

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ni baridi tu imeshaanza kutuandama na jua tunalipata kwa saa chache. Natumaini mama anaendelea vizuri na wanao wameshazoea shule mpya.

Swali lako halijanitoka kichwani. Unasema huko Mtwara mmeanza kusikia kwamba gesi yetu ikishakwisha, hewa ukaa (kaboni dioksidi) ya viwandani inaweza kushindiliwa kwenye miamba ile ile, na kuna mtu alisimama kikaoni akasema mwamba uliotunza gesi kwa mamilioni ya miaka hauwezi kushindwa na hewa ukaa. Ana haki kiasi. Lakini mwamba huo ulitunza gesi kabla hatujautoboa, na kwa presha yake wenyewe. Sisi tumeutoboa, na sasa tunataka kuongeza presha.

Mfano ambao kila mtu huku anaanzia ni Sleipner, uwanja wa gesi katika Bahari ya Kaskazini. Gesi ya pale hutoka na hewa ukaa takriban asilimia 9, nyingi mno kwa soko, na serikali ya Norway iliweka kodi ya kaboni, yaani kwa hewa ukaa inayoachwa hewani, mwaka 1991. Kwa hiyo kuanzia 1996 wenye uwanja wakawa wanaitenga na kuishindilia kwenye mwamba wa mchanga uitwao Utsira, karibu tani milioni moja kwa mwaka. Nimeshika kipande cha mwamba huo maabara. Zuhura, ukikisugua kwa vidole kinamomonyoka kama mchanga wa Msimbati! Zaidi ya theluthi moja yake ni nafasi tupu kati ya chembe, na kule chini nafasi hizo zimejaa maji ya chumvi. Ukivuka kina cha mita 800 hivi, joto na presha huibana hewa ukaa ikawa nzito karibu na kimiminika, kwa hiyo tani nyingi huingia mahali padogo. Hata hivyo bado ni nyepesi kuliko yale maji, nayo hupanda mpaka ikutane na mwamba wa mfinyanzi ulio juu, ambao ndio kifuniko.

Ninachowaheshimu zaidi ni kwamba mwaka 1994, kabla ya kuingiza chochote, walipima kwa mitetemo, yaani mawimbi yanayotumwa ardhini na kurudi na picha ya miamba, wakawa na picha ya kulinganishia. Waliporudia 1999 waliona hewa ukaa imetanda katika matabaka tisa, moja juu ya jingine, na imeshafika juu kabisa ya mchanga. Ilikuwa imepenya vitabaka vya mfinyanzi vyembamba ambavyo havikuonekana kwenye picha ya kwanza. Kifuniko kikuu kiliizuia. Pale ndipo ninapoona maana ya tathmini: wangekosa ile picha ya 1994, hizo za baadaye wangezilinganisha na nini?

Sasa Snøhvit, uwanja mwingine wa gesi wa Norway, kaskazini zaidi. Walianza 2008, na walikuwa na vipimo, ramani na hesabu zote. Presha ikapanda haraka kuliko walivyokadiria, kwa sababu mwamba ulikuwa umekatikakatika na maji hayakuwa na pa kwenda. Mwaka 2011 wakahamia tabaka jingine. Ndiyo maana mtu akiniambia eneo fulani litabeba tani kadhaa, mimi humuuliza kwanza presha itapanda kwa kasi gani na itaanza kuupasua mwamba ikifika wapi. Ukubwa wa nafasi ni hesabu ya jioni moja. Presha ni kazi ya miaka.

Lakini mfano ninaotaka uupeleke kikaoni ni wa Algeria, In Salah, kwa sababu ni Afrika na ni uwanja wa gesi kama wenu. Kuanzia 2004 waliingiza karibu tani milioni 4 kwenye tabaka jembamba la mwamba wa mchanga, lisilopitisha kwa urahisi. Setilaiti zikaonyesha uso wa jangwa unainuka milimita chache kila mwaka juu ya visima. Mwaka 2007 hewa ukaa kidogo ikaonekana ikitoka mdomoni mwa kisima cha zamani cha utafutaji, kilichokuwa kimeachwa. Kisima hicho kilizibwa vizuri baadaye, na mwaka 2011 uingizaji ukasitishwa kwa hofu juu ya uimara wa kifuniko.

Tazama njia iliyoitoa: tundu lililotobolewa na binadamu. Nanyi mnayo matundu kama hayo. Visima vya kwanza vya Songo Songo na Mnazi Bay, viwanja vyenu vya gesi, vilitobolewa miaka ya 1970 na 1980, na saruji ya wakati ule si lazima iwe imestahimili. Hewa ukaa ikichanganyika na maji huwa tindikali, nayo hula saruji pole pole.

Sisemi mkatae. Naamini kazi hii inawezekana, na dunia inaihitaji kwa viwanda kama vya saruji ambavyo havina njia nyingine rahisi. Ninachotaka ni vijana wetu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waisome wenyewe, ili siku mgeni akija na ripoti nene awepo wa kumwuliza maswali kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Kwa hiyo naomba unitafutie jambo moja: kumbukumbu za visima vya zamani vilivyofungwa huko kusini, hasa zinazoonyesha saruji iliwekwa kina gani. Hata nakala iliyofifia itafaa. Nikizipata tutazipitia pamoja kwa simu Jumapili, wewe ukishatoka sokoni.

Msalimie Hamisi na watoto wote.

Wako,
Neema