Malalamiko: mmebadilisha chakula cha samaki bila kutuambia

Habari zenu wahusika,

Naandika kuhusu chakula chenu cha kuelea, kile mnachosema kinafaa perege na kambare. Nimekitumia muda mrefu na kilikuwa kizuri, ila mifuko ya karibuni sio ile tena, samaki wanakuja juu wanaonja wanatema, nusu saa baadaye punje bado zinaelea, na mfuko umeandikwa vilevile, protini asilimia 32.

Nilipopiga simu ndo naambiwa mmetoa unga wa samaki mmeweka soya na mashudu ya pamba. Mimi mimea siipingi, unga wa samaki ni ghali na kumaliza samaki wa baharini ili tulishe wa bwawani sio sawa, na perege anakula mimea vizuri tu. Lakini mimea ina masharti yake jamani! Soya isipopata joto la kutosha inabaki na vitu vinavyomzuia samaki kumeng'enya protini, mashudu ya pamba yana gosipoli ambayo ikizidi ni sumu, halafu protini ya soya ina kidogo methionini, yaani moja ya asidi amino zinazojenga protini ambayo samaki lazima aipate kwenye chakula, kwa hiyo hiyo 32 maabara wataiona ila samaki wangu hanufaiki nayo yote. Na fosforasi nyingi ya mimea imefungwa kwenye faiteti, kitu kinachokuwa ndani ya mbegu, samaki hawezi kuivunja, inatoka na kinyesi inaenda kulisha mwani bwawani. Mnaweka faitesi, kimeng'enya cha kuivunja hiyo faiteti? Hamjaandika popote.

Kinachoniuma zaidi ni vifaranga. Huyu muuzaji wenu alinihakikishia nikiponda punje hizohizo zitawatosha kambare wadogo, wakati kifaranga anataka protini nyingi kuliko mkubwa na kambare sio mla majani kama perege. Nikamwamini. Wachache wakakua, wengi wakadumaa, na kambare wakishapishana ukubwa na njaa ipo wanaanza kulana, kila asubuhi nahesabu waliopungua.

Andikeni kwenye mfuko mmeweka nini na kwa samaki wa umri gani, mkibadilisha mchanganyiko mtuambie kabla hatujanunua, na soya ipimwe kila bechi kama imeiva. Nina mifuko 11 sijaifungua, naomba mje muichukue mnirudishie hela yangu. Picha za namba za bechi nimeambatanisha, nasubiri jibu la maandishi, sio simu.

Mfugaji, mteja wenu