Cobán huliwa mchana

Mhariri,

Makala nyingi za safari za Guatemala huishia kwenye mikahawa ya Antigua. Anayekwenda bara, mji wa Cobán katika mkoa wa Alta Verapaz, atafute komedori (mama ntilie wa kule) karibu na soko, kati ya saa sita na saa nane mchana. Akichelewa atakuta sufuria zinasuguliwa.

Aagize kak'ik, mchuzi mwekundu wa bata mzinga wenye pilipili kavu na giligilani, uliotangazwa urithi wa taifa mwaka 2007. Pande la nyama huja zima na mfupa wake, pembeni wali na tamale ndogo (donge la unga wa mahindi lililopikwa ndani ya jani). Pilipili ya unga, cobanero, ni kali kweli: aonje kwanza. Maji ya bomba asiyaguse. Noti kubwa za quetzal, fedha ya kule, chenji hakuna.