Mali ya mwanao isikae mikononi mwa dada yake

Swahiba wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili mdogo wangu akiwa kando yangu. Unauliza kama inatosha kuandika kwenye wosia kwamba mali yote iende kwa binti yako mkubwa, naye aahidi kumtunza kaka yake mwenye ulemavu. Haitoshi, na wala simshuku binti yako.

Marehemu baba alifanya hivyohivyo. Alimkabidhi ndugu yetu mmoja kila kitu, kwa mdomo, na roho ikatulia. Ndugu yule hakuiba. Biashara yake iliyumba, wadai wakaja, na kwa kuwa fedha zile kisheria zilikuwa zake, zilikwenda pamoja na za kwake. Mdogo wangu akakosa hata za kubadilisha kiti chake cha magurudumu. Mwaka mzima tulikuwa tunafunga gurudumu la kushoto kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na kila ikifika jioni umelegea. Binti yako naye anaweza kuachika, au kutangulia kufa. Mali ikishakuwa yake, itagawanywa kama yake.

Kumwandika kijana mwenyewe moja kwa moja nako kuna mtego, kwa sababu nchi nyingi hupima mali ya mtu kabla ya kumpa msaada. Marekani, kwa mfano, mtu anayelipwa posho ya SSI, yaani msaada wa serikali kwa wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo, hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kiwango kilichowekwa mwaka 1989. Urithi mdogo tu unamtoa kwenye orodha.

Ndiyo maana nakusihi ufungue mfuko wa amana. Mali inashikwa na wadhamini, na sheria inawabana waitumie kwa manufaa yake tu. Wadai wa dada yake hawaigusi. Ila hati iseme wazi kwamba wadhamini wana hiari ya kuamua nini kilipiwe na lini. Neno hiari ulishikilie sana! Hati ikisema alipwe kiasi fulani kila mwezi, hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa kipato chake na msaada ukapunguzwa. Na kama ana fedha zake mwenyewe, labda fidia, usizichanganye na zako. Huko huko Marekani, amana iliyojazwa kwa fedha za mwenye ulemavu hurudisha kwanza gharama za matibabu zilizolipwa na serikali anapofariki. Iliyojazwa na mzazi haidaiwi hivyo.

Anayeshika fedha asiwe peke yake, na asiwe yeye yeye anayemlea. Binti yako awe mdhamini mmojawapo, na utaje wa kuwarithi nafasi zao. Bima yako ya maisha nayo ilipwe kwenye mfuko. Halafu waambie babu na bibi zake wasimwandike yeye jina, hata kwa upendo, waelekeze kwenye mfuko huohuo. Kama mali ni ndogo, ulizia mifuko ya pamoja, ambayo familia nyingi huweka fedha chini ya msimamizi mmoja, kila mnufaika akiwa na hesabu yake.

Kuna karatasi moja zaidi, nayo mimi naipenda kuliko hati: barua ya matakwa. Kwa kawaida haina nguvu ya sheria, lakini ndiyo itakayomwelekeza mdhamini asiyemjua mwanao. Ya mdogo wangu inasema dawa za kifafa anameza kwa maji ya uvuguvugu, kwamba akigonga meza mara tatu anataka kutoka nje, na kwamba asimwagiwe maji kichwani bila kuguswa bega kwanza. Haongei, basi nilimsomea mstari kwa mstari. Mmoja aliukataa kwa kichwa, nikaufuta.

Nakuandikia hili kwa sababu barua yako haikutaja kama umemuuliza kijana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 12, unasema ana haki sawa na wengine ya kumiliki na kurithi mali, na ya kusimamia mambo yake ya fedha. Amana isiwe kufuli ya kumfungia nje ya mambo yake.

Ukienda kwa mwanasheria, nenda naye. Na wosia wa zamani usiuchane kabla mpya haujasainiwa.

Nasubiri majibu yako. Mdogo wangu anakusalimu.

Rafiki yako daima