Altaneta yako nimeipima

Mwanjelwa, Mbeya
14 Juni

Ambakisye rafiki yangu,

Ugonile? Huku baridi ya Juni imetubana, wewe huko Matema najua unalala kifua wazi.

Altaneta uliyotaka niipime kabla hujainunua, hiyo mashine ya kuchaji betri za boti yako, ilifika salama na Kosta ya jioni, nikaipeleka kwa fundi umeme wa magari. Muuzaji wako anasema inachaji, na kweli inachaji. Ikizungushwa na mota ya karakana bila mzigo, yaani bila kuwashia kitu, ilitoa volti 14.2. Nadhani ndizo alizokuonyesha. Ila volti zisizobeba kitu ni kama ahadi za mchumba.

Tukaifungia betri iliyoshuka nusu, kisha taa kubwa za gari za wati 55, moja baada ya nyingine. Taa nne, karibu ampea 18, ilistahimili. Kufika nane, volti zikaporomoka hadi 12.6 na mashine ikaanza kulia mluzi mwembamba. Kibati chake kimeandikwa ampea 60! Fundi akageuza mita upande wa AC, umeme wa kupishana, akagusisha nyaya kwenye vichwa vya betri: zaidi ya volti moja. Altaneta isiyo na ugonjwa haivuki nusu volti hapo. Ikabidi ifunguliwe.

Koili ni safi, hakuna harufu ya kuungua. Rota, sehemu inayozunguka, imesoma omu 4 na haijagusa bodi. Kaboni zinazosugua rota zimekwisha, beringi ya nyuma inakwaruza. Ugonjwa wenyewe uko kwenye sahani ya diodi, vile vipande vya kupitisha umeme upande mmoja tu: katika zile sita kubwa, moja haipitishi umeme upande wowote.

Jambo moja muuzaji hakukudanganya: hii ni ya boti kweli. Nguzo ya hasi haijaungana na bodi. Nyingi za magari hutumia bodi kama hasi, na kwenye boti mkondo ukipata njia ya kupita kwenye shafti, propela huliwa taratibu. Asije mtu akakuunganishia waya wa hasi kwenye bodi eti iongeze nguvu.

Mimi ningeichukua, lakini akate kwenye bei gharama ya sahani, kaboni na beringi. Akigoma, mrudishie. Ukikubaliana naye, tutabadilisha vitu hivyo, tuiache izunguke na mzigo mpaka ipate moto, ndipo tupime tena. Ikiwa ya moto hutoa kidogo kuliko ikiwa ya baridi, na chumba cha injini yako hakina hata dirisha.

Mwambie na yule kijana wako asichomoe betri injini ikiunguruma. Diodi hufa hivyo hivyo. Na betri zikikauka kabisa baada ya usiku wa taa za kuvulia usipa, zipeleke kwanza kwenye chaja. Altaneta ukiibebesha betri mfu itaungua tu.

Nijibu kabla ya Jumamosi, fundi analitaka benchi lake. Na ule mchele, kilo tano tu, uwe wa Kyela mtupu, si huu wa kuchanganywa tunaouziwa hapa sokoni.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Lusajo