Kwa Nini Hatutoboi Betri ya Simu Iliyovimba

Mara kwa mara huletwa dukani kwetu Kariakoo simu ambayo kioo chake kimeinuka upande mmoja, na mwenye simu akasisitiza kwamba haikuanguka wala haikuingia maji. Kwa kawaida anasema kweli. Kilichoinua kioo ni betri iliyo chini yake, ambayo imejaa gesi na kuvimba, na ombi linalofuata tumelizoea: "Fundi, toa upepo tu, niitumie hadi mwisho wa mwezi." Ombi hilo hatulikubali kwa bei yoyote, na kwa kuwa baadhi ya wateja huondoka wakidhani kwamba tunawalazimisha kununua betri mpya, tumeona ni vyema tueleze sababu zetu kwa kirefu.

Betri ya simu nyingi ni seli moja tu ya ioni za lithiamu, yaani chembe za metali hiyo zenye chaji ya umeme. Ndani ya mfuko wake wa foili mna karatasi mbili ndefu za metali zilizokunjwa pamoja, moja ya shaba iliyopakwa grafaiti na nyingine ya alumini iliyopakwa, mara nyingi, oksidi yenye kobalti. Katikati yake umelazwa utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimeloweshwa kimiminika chenye chumvi ya lithiamu. Unapochaji, ioni za lithiamu huvuka utando huo kwenda kwenye grafaiti, na unapotumia simu hurudi zilikotoka. Kazi ya utando ni kupitisha ioni huku ukizuia karatasi hizo mbili zisigusane. Seli za miili yetu nazo huishi kwa kutegemea utando: seli ya neva iliyotulia hutenganisha ioni za ndani na za nje, ikabaki na tofauti ya umeme ya milivolti 70 hivi, na utando ukipasuka vibaya seli hiyo hufa. Seli ya simu ina volti 3.7 kwa wastani, hufika 4.2 au zaidi kidogo ikijaa, na utando wake ukipasuka haifi kimya kimya.

Sindano inapopenya, karatasi hizo hugusana na umeme uliohifadhiwa hupita wote mahali pamoja. Joto hupanda kwa sekunde chache, kimiminika kinachowaka kwa urahisi hugeuka mvuke na kushika moto, na joto hilo huvunja kemikali nyingine ambazo nazo hutoa joto zaidi, hivyo kuifunika kwa kitambaa hakusaidii chochote. Moshi wake huwa na haidrojeni floridi, ambayo huunguza macho na mapafu. Hata ikitokea bahati moto usiwake, mfuko uliotobolewa huingiza hewa, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, ambao ni adui wa chumvi ile ya lithiamu. Isitoshe, gesi ni dalili tu kwamba kimiminika kimeanza kuoza; ukiitoa, uozo unabaki pale pale.

Wengi hulaumu chaja feki, na hawakosei kabisa, lakini sisi tunalaumu joto kwanza. Apple, kwa mfano, hushauri simu zake zitumike katika nyuzi joto kati ya 0 na 35. Jijini hapa, kuanzia Desemba hadi Machi, kivulini tu mchana hupita nyuzi 30. Simu ya dereva wa bajaji iliyobanwa kwenye kishikizo, inayoonyesha ramani, inayochaji na kupigwa jua kwa wakati mmoja, imekwisha kuvuka mpaka huo kabla ya adhuhuri. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari lililofungwa vioo huwa katika hali mbaya zaidi, na ile inayochajiwa usiku kucha chini ya mto haipati pa kutolea joto lake.

Kuna pia joto la mtandao, ambalo wateja hawalitarajii. Kampuni za simu hugawa jiji katika maeneo madogo, kila moja likihudumiwa na mnara wake, na simu iliyo karibu na mnara hutuma mawimbi kwa nguvu ndogo. Ukiingia kwenye ghala lenye kuta nene au ghorofa ya chini ya ardhi, simu hupandisha nguvu na kuutafuta mnara bila kupumzika. Mahali kama hapo, kama hutegemei kupigiwa, ni afadhali kuzima mtandao kabisa.

Wenye simu ndogo za kitochi wana kipimo rahisi: toa betri, ilaze juu ya meza ya kioo, kisha izungushe kwa kidole. Iliyo nzima hukwama mara moja, ilhali iliyovimba huzunguka kama pia. Kwa simu janja, tazama mwanga unaopenya pembeni mwa kioo, au mfuniko wa nyuma unaobonyea na kurudi. Ukiona hivyo, izime, usiichaji tena, usiibane kwa mpira wala gundi, na uilete ikiwa imezimwa.

Dukani tunailainisha gundi kwa kimiminika maalumu na kuing'oa betri kwa kipande cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi, kisha tunaiweka kwenye ndoo ya mchanga mkavu iliyo mbali na meza ya kazi. Kupima ni bure, na bei ya betri tunaitaja kabla ya kufungua simu. Betri ya zamani tunaomba utuachie, kwa sababu ikitupwa na taka za nyumbani inaweza kubanwa ndani ya lori na kuwaka kabla haijafika dampo la Pugu.

Usishangae betri mpya ikiwa na chaji ndogo. Kanuni za usafirishaji wa anga huzitaka seli za lithiamu zinazosafirishwa peke yake zisizidi asilimia 30 ya chaji. Vilevile si lazima uichaji kwa muda wa saa nane mfululizo mara ya kwanza. Ushauri huo ulitokana na betri za nikeli za simu za zamani. Ichaji kama kawaida siku hiyo hiyo, kivulini.