Barua kwa mwanangu: zile nguo za sandukuni

Kibosho, mwezi wa Aprili

Mwanangu mpendwa,

Hapa hatujambo, goti la baba yako limepoa tangu aache kupanda kule shambani juu. Naandika kwa sababu ulipopiga simu ulikuwa na furaha nikashindwa kukukatisha, halafu usiku sikupata usingizi.

Ulisema sanduku limefika salama huko kwako Sakina, Arusha, umelifungua, na chumba kizima kikanukia nyumbani. Mama, ile siyo harufu ya nyumbani. Ile ni naftalini, vile vidonge vyeupe nilivyokuwa navichomeka kwenye mifuko ya makoti na ndani ya soksi kila kiangazi kikiingia. Nakuomba, mtoto utakayemzaa usimvalishe kitu chochote kilichotoka humo. Kofia, soksi, lile blanketi la bluu, hata kimoja.

Utasema mbona sisi tulivaa. Ulivaa, na hukupata neno. Kaka yako naye alivaa.

Habari ya kaka yako unaijua ilivyoishia, sina haja ya kuirudia. Ilivyoanza ndiyo sikuwahi kuisema. Alizaliwa Julai, ukungu unashuka mpaka mlangoni. Nililitoa blanketi sandukuni siku hiyohiyo nikamfunga nalo, na kila asubuhi nampaka mafuta mwili mzima kwanza. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mafuta yanaisaidia ile sumu kupenya kwenye ngozi. Siku ya tatu macho yakawa ya njano. Shangazi yako akasema twende hospitali, mimi nikasema jua la asubuhi litamtosha. Jua lipi, Julai, huku kwetu? Tulienda siku ya tano. Nesi aliyempokea alilinusa blanketi, akauliza nguo tunahifadhi na nini. Nikamjibu ni sabuni. Labda niliona ananihesabu mchafu, sijui. Nilisema sabuni.

Alipopimwa ukubwani ndipo daktari akanikalisha akanieleza. Kuna watu damu yao ina upungufu wa kitu kinaitwa G6PD, na kwenye nchi za malaria kama zetu wako wengi. Mtu anaweza kuishi miaka na miaka asijue. Ila akivuta ule mvuke wa naftalini, au ukimwingia kupitia ngozi, chembe nyekundu za damu zinapasuka, na kwa mtoto mchanga manjano inapanda haraka hata ikafika kwenye ubongo na kuharibu usikivu. Mtoto wa kiume anaurithi kwa mama yake, na wavulana ndio wanaoumia zaidi. Kwa hiyo kwa kaka yako umetoka kwangu, na wewe huenda umeubeba. Na utrasaundi imesema ni wa kiume. Sasa unaona kwa nini sikulala.

Kliniki ijayo waambie mapema, bila aibu: kaka yangu ana upungufu wa G6PD. Waandike kwenye kadi. Zipo dawa ambazo mtu wa hivyo hapewi. Akishazaliwa mwangalie macho na ngozi mchana, kwenye mwanga, kila siku. Ukiona njano usimsubiri mtu, usinisubiri hata mimi, nenda saa hiyohiyo. Na wakikuuliza chochote, waambie kilivyo.

Wala usiniambie utazifua. Nakujua. Kufua na kuanika kunapunguza, lakini kwa huyu sitaki ipungue, nataka isiwepo. Aprili hii utaanikia wapi, nguo zinakaa siku tatu kambani zinarudi na uvundo.

Najua unaliwazia lile sweta la njano nililofuma nikiwa na mimba yako. Na lenyewe pia, mwanangu. Limeniuma kuliandika hili. Tena ule uzi haukuwa sufu, ulikuwa wa nailoni. Kiwavi wa nondo anakula sufu na manyoya, nailoni na pamba hana shida nazo kama ni safi. Kinachomvuta ni jasho na chakula kilichomwagika. Miaka yote hiyo nimelinda kwa sumu nguo ambayo mdudu hakuitaka, kumbe ningeifua vizuri tu nikaianika jua la Februari, basi.

Fanya hivi. Sanduku litoke chumbani leo, mume wako alibebe, wewe usiliiname. Aokote vidonge vyote akiwa amevaa mfuko mkononi, avitupe mbali, wale watoto wa mpangaji mwenzio wakiviona watadhani peremende. Makoti yenu wakubwa yakae nje barazani wiki nzima, kisha yafuliwe, na hata hivyo yasining'inie chumba atakacholala mtoto. Wewe mwenyewe una mimba, usikae ukivuta ule mvuke kwa sababu unakukumbusha kwetu.

Mama mkwe wako alinisifia sana ulivyoipanga nyumba yako, nikakaa nikajisikia mtu. Lakini una haraka. Jambo likikupendeza hulisikii neno la pili. Mara hii lisikie.

Nguo za mtoto zisikuhangaishe. Nimenunua doti mbili za kanga mjini na flaneli ya kukata nepi. Nimeshazifua mara mbili, nazianika jikoni juu, kwenye kamba ambako moshi haufiki, na nitazipiga pasi kila kipande. Uzi mpya nimeuchukua, rangi ni ileile ya njano, mikono imekuwa mizito kidogo ila Juni haijafika. Baridi ikiisha Agosti usizirundike. Fua, kausha kabisa, weka kwenye chombo chenye mfuniko kilichoinuliwa juu ya matofali, fungua kila mwezi uangalie. Mimi siku hizi natia majani makavu ya mwarobaini kwenye kitambaa, kwa nguo zetu wazee tu. Za mtoto usitie kitu.

Bati la upande wa jiko linavuja tena, fundi amekuja mara mbili anaangalia anaondoka. Kuku wa kijivu ameangua saba. Hela ya kikoba nimeitoa kidogo, baba yako hajui, ndiyo iliyonunua uzi. Migomba ya mshare iliyo karibu na mfereji imebeba vizuri, nimewakataza wasiikate, ile ni ya mtori wako. Nitakuja nayo wiki mbili kabla ya tarehe uliyopewa.

Ile ndoo ya lita 20 yenye mfuniko uliyosema umeinunulia unga, usitie unga. Ioshe, ikauke, iwe kabati la mtoto. Unga nitaubeba kwenye salfeti.

Nipigie sanduku likishatoka chumbani. Hata ikiwa usiku.

Mama yako